Hellboy ya 2004 au Hellboy II ya 2008: ukiwa na usiku mmoja, weka ipi?

Ukiwa na usiku mmoja tu, weka ya pili: Hellboy II: The Golden Army, iliyotoka Julai 2008. Ukiwa na siku mbili, anza na Hellboy ya 2004, ulale, kesho yake uweke hiyo ya pili. Ndivyo ninavyomjibu kila anayeniuliza, na jibu hilo huwashangaza wengi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi wapenzi wa filamu tumeumwa na miendelezo mara nyingi. Kwa kawaida mwendelezo ni tui la pili, jepesi, lililokamuliwa kwenye nazi ileile. Hapa imekuwa kinyume.

Hata hivyo, ya pili haimfai kila mtu. Zipo sababu nzuri za kuipenda ya kwanza zaidi, na wapo watu ambao jicho lao la filamu nalitegemea kuliko langu ambao hawabadili msimamo huo. Kwa hiyo nitaziweka bega kwa bega, bila kufichua mambo ya mwisho, ili ujue unakwenda kukaa na nini kwa saa mbili.

Kwanza yale yasiyokusaidia kuchagua, kwa kuwa ni yaleyale pande zote. Mwongozaji ni mmoja, Guillermo del Toro wa Mexico. Mpigapicha ni mmoja, Guillermo Navarro. Steringi ni Ron Perlman, mwekundu kuanzia utosini hadi mkiani, pembe zake amezisaga zikabaki visiki viwili kwenye paji la uso, na mkono wake wa kulia ni wa jiwe. Filamu zote mbili zimetokana na vitabu vya katuni vya Mike Mignola, ambavyo hadithi yake ndefu ya kwanza ilichapishwa mwaka 1994. Msingi nao ni uleule: mwaka 1944 Wanazi wanafungua mlango wa kuzimu katika magofu ya kanisa huko Scotland. Mlango unafungwa kwa nguvu, lakini kitoto chekundu kimeshavuka. Profesa mmoja anakichukua na kukilea, na kikikua kinaingia kazini katika idara ya siri ya Marekani inayopambana na mambo ambayo serikali inakana kwamba yapo. Wenzake kazini ni Liz Sherman, mwanamke anayewaka moto hisia zikimzidi, akiigizwa na Selma Blair, na Abe Sapien, mtu-samaki msomaji wa vitabu, ndani ya mwili wa Doug Jones.

Watu ni walewale, basi, na muda unakaribiana: dakika 122 kwa ya kwanza, 120 kwa ya pili. Zinachotofautiana ni swali. Ya kwanza inamwuliza Hellboy: wewe ni nani? Ya pili inamwuliza: wewe ni wa nani? Neno moja limeongezeka, na limebadilisha kila kitu, kuanzia sura ya adui hadi rangi ya picha.

Ya kwanza: ugomvi wa methali mbili

Filamu ya 2004 naiona kama ugomvi wa methali mbili. Upande mmoja yupo Profesa Bruttenholm, ambaye wote humwita Broom, akiigizwa na John Hurt. Yeye anashikilia kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Upande wa pili yupo Rasputin, yule Mrusi aliyesifika kwa uponyaji katika kasri la mfalme wa Urusi, ambaye katika historia aliuawa mwaka 1916, ila kwenye filamu kifo kimemkataa. Yeye anashikilia kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwamba mkono ule wa jiwe uliumbwa kwa kazi moja tu, kufungua mlango wa maangamizi. Mtoto anayegombaniwa ana miaka sitini, lakini kwa jamii yake huo ni ujana. Analala chumbani na kundi la paka, anatoroka usiku kama mwanafunzi wa bweni, na akikaripiwa ananuna.

Broom anazeeka. Anajua muda wake umekwisha, na anatafuta mtu wa kumwachia kijana wake. Hapo ndipo anapoletwa John Myers, kijana mgeni katika idara, ili naye ajifunze na sisi tujifunze pamoja naye. Kila Hurt anapoingia kwenye picha, filamu inatulia na kupata uzito. Anavyomtazama yule jitu mwekundu ni kama mzazi yeyote amtazamavyo mtoto aliyemzidi kimo lakini hajakua.

Onyesho ninalolipenda kuliko yote katika ya kwanza halina hata ngumi moja. Liz ametoka kutembea na Myers. Hellboy, roho inamuuma, anaruka paa hadi paa akiwafuata, kisha anatua karibu na mtoto mdogo wa kiume ambaye hamwogopi hata kidogo. Wanakaa wawili hao na biskuti na maziwa, wakiwachungulia Liz na Myers kwa mbali, na kiumbe wa kuzimu anaomba ushauri wa mapenzi kwa mtoto. Ukilitazama onyesho hilo likakugusa, huenda ya kwanza ndiyo yako, kwa sababu filamu nzima imejaa moyo wa namna hiyo: mnyonge mwenye mwili mkubwa, mpweke, anayetaka kupendwa na mtu mmoja tu.

Ya pili: mazimwi wana kwao

Ya pili inafunguka mwaka 1955, usiku wa kuamkia Krismasi. Hellboy bado mdogo, yuko kitandani, na Broom anamsimulia hadithi. Ni paukwa pakawa kamili. Hapo zamani wanadamu na watu wa kale wa misituni, wale ambao ngano za Ulaya huwaita elfi, walipigana vita. Wanadamu walikuwa na tamaa isiyojaa, kama shimo moyoni. Mfalme wa elfi akatengenezewa jeshi la dhahabu, askari sabini mara sabini, yaani 4,900, wasioshindwa na wasiojua huruma. Jeshi likaua kiasi kwamba mfalme mwenyewe alijuta. Taji la kuliamrisha likavunjwa vipande vitatu, ukawekwa mkataba: wanadamu wachukue miji, wao wachukue misitu. Del Toro hakuyaonyesha haya kwa waigizaji. Aliyaonyesha kwa vikaragosi vya mbao, jinsi mtoto aliyezoea kutazama vikaragosi kwenye televisheni angeyaona kichwani mwake. Dakika chache hizo zinakuambia kila kitu kuhusu filamu inayofuata: dunia hii ilikuwapo kabla yetu, na mkataba tuliuvunja sisi.

Kutoka hapo tunaingia zama za leo, na Mwana wa Mfalme Nuada amerudi kukusanya vipande vya taji. Anaigizwa na Luke Goss, ambaye zamani alikuwa mwanamuziki wa bendi ya Bros pamoja na pacha wake. Nalitaja kwa sababu Nuada naye ana pacha, Nuala, akiigizwa na Anna Walton, na hatima ya filamu inaning'inia kwenye uzi mmoja: mmoja akijeruhiwa, na mwenzake anatoka damu palepale. Del Toro na Goss walikuwa wamefanya kazi pamoja katika Blade II ya mwaka 2002, nayo mwendelezo wa shujaa wa gizani. Kwa hiyo hii haikuwa mara ya kwanza kwa mwongozaji huyu kukabidhiwa sehemu ya pili na kuigeuza yake.

Tofauti na Rasputin inaonekana mara moja. Rasputin anataka dunia iishe ili miungu saba ya machafuko itawale. Kwa nini anataka hivyo? Kwa sababu ni mwovu. Hatuna zaidi. Nuada ana hoja, na mbaya zaidi, hoja yake ni ya kweli. Misitu waliyoachiwa watu wake imekatwa ikawa barabara na maduka. Baba yake, Mfalme Balor, anakubali kufifia polepole kwa heshima. Mwana anasema hapana. Ukimsikiliza kwa utulivu, utakuta unaitikia kwa kichwa mpaka pale anapochomoa mkuki.

Niseme jambo la majina, kwa anayependa ngano. Katika masimulizi ya kale ya Ireland, Nuada ndiye mfalme aliyepoteza mkono vitani akatengenezewa wa fedha, na Balor ni adui mkubwa wa watu wake, jitu lenye jicho linaloua. Filamu imechukua majina hayo ikayachanganya upya: Balor amekuwa baba, na yeye ndiye mwenye mkono mmoja. Wako waliokerwa na hilo. Mimi naona ndivyo ngano zinavyoishi, kila msimulizi akikata na kushona kwa mkono wake. Hata mlango wa makao ya kale ya elfi umewekwa mahali pa kweli penye ngano yake, Giant's Causeway, pwani ya Ireland ya Kaskazini, kwenye nguzo za mawe meusi zinazokadiriwa kufika 40,000. Wenyeji wa zamani walisema zilijengwa na jitu. Katika filamu, jitu la jiwe ndilo linaloamka kufungua mlango.

Mche wa mwisho

Kama nina sababu moja ya kuiweka ya pili mbele, ni tukio lililo katikati ya filamu. Nitalieleza kiasi. Halifichui mwisho, ila kama hutaki kujua chochote, ruka sehemu hii.

Hellboy amechoka kufichwa. Amejitokeza hadharani, picha zake ziko kila mahali, na anaamini watu wakimjua watampenda. Ndipo Nuada anaangusha kitu kama kunde barabarani. Kinadunda, kinatafuta maji, kinatumbukia kwenye mtaro. Sekunde chache baadaye lami inapasuka na linatoka zimwi la mimea, refu kama jengo, mikono ya mizizi, likiyatupa magari kama makopo. Hellboy anampokonya mtoto mchanga kwenye gari kabla halijapondwa, anapanda juu ya jengo akiwa na mtoto mkono mmoja na bunduki kubwa mkono wa pili, na analenga.

Hapo Nuada anamwita kutoka paa la jirani. Anamwambia kiumbe kile ni cha mwisho cha jamii yake. Mkikiua, dunia haitakiona tena. Kisha anamwuliza swali la filamu nzima: una uhusiano gani na hawa wanadamu, wewe uliye karibu zaidi na sisi?

Hellboy anasita, na filamu inampa muda wa kusita. Katika filamu nyingi za mashujaa zimwi likitokea mjini hakuna la kufikiria, ni kupiga tu. Hapa shujaa ameshika bunduki na anatafuta sababu ya kutoitumia, huku watu wanakimbia chini yake. Mwishowe anapiga. Zimwi linaanguka, na damu yake ya kijani inapotapakaa, kila inapogusa panaota. Majani yanafunika magari, maua yanachanua kwenye kuta, chavua inashuka kama theluji, na mtaa mzima uliokuwa wa lami na moshi unakuwa bustani. Ni kitu kizuri kuliko vyote vilivyokwishaonekana katika filamu zote mbili, na kimepatikana kwa kuuawa kilicho cha mwisho.

Kisha Hellboy anateremka na kumrudishia mama mtoto wake, mzima, hana hata mkwaruzo. Mama anamnyakua na kumfokea, umemfanyia nini mwanangu. Umati unaanza kumrushia vitu. Polisi wanamwelekezea bunduki. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili la kwetu halikuwala kabisa, limewaokoa, na bado wanalipiga mawe. Tangu hapo swali la Nuada halitoki kichwani mwa Hellboy, wala mwa mtazamaji.

Ya kwanza haina tukio la kushindana na hilo. Ina matukio mazuri, ila ndani yake zimwi likifa tunashukuru. Katika ya pili tunaomboleza.

Viumbe, na mikono iliyowatengeneza

Kwa anayekuja kwa ajili ya viumbe vya ngano, hapa hakuna hata mjadala. Ya kwanza ina mnyama mmoja mkuu, Sammael, ambaye ukimwua mmoja wanazuka wawili. Wazo ni zuri, lakini matokeo yake ni kwamba tunapigana na sura ileile kwenye jumba la makumbusho, kwenye njia ya treni, na chini ya ardhi tena. Anayeiokoa ni Kroenen, muuaji wa Kinazi ambaye mwili wake unaendeshwa kwa mitambo kama ya saa na ndani ya mishipa yake mna vumbi badala ya damu. Siku anayovua kinyago chake kioo kikimtazama, watoto waondolewe chumbani.

Ya pili ina Soko la Mazimwi, lililofichwa chini ya Daraja la Brooklyn. Naomba ukifika hapo usimamishe filamu mara kwa mara, kwa sababu macho hayatoshi. Kuna mwuza ramani ambaye kichwani amebeba jengo kama kanisa kuu. Kuna mwanamke aliyebeba kitu kifuani unachodhani ni mtoto, na kitu hicho kinajibu chenyewe kwamba si mtoto. Kuna Wink, mlinzi wa Nuada, zimwi la jicho moja lenye ngumi ya chuma inayorushwa kwa mnyororo. Kabla ya soko kuna vile vidudu vyenye mabawa ambavyo hadithi za watoto wa Ulaya na Marekani husema huchukua meno yaliyong'oka chini ya mto. Hapa vinakula mifupa, vikianza na meno, na vinakuja kwa maelfu. Na karibu na mwisho kuna Malaika wa Mauti, asiye na macho usoni kwa sababu macho yake yote yako kwenye mabawa. Onyesho lake ni fupi, na nililiota usingizini.

Malaika huyo ni Doug Jones, yuleyule anayeigiza Abe. Katika ya pili amebeba wahusika watatu, pamoja na msimamizi wa kasri la mfalme, na safari hii sauti ya Abe ni yake mwenyewe. Katika ya kwanza sauti ya Abe ilitiwa na David Hyde Pierce, ambaye alikataa jina lake liandikwe kwenye filamu kwa heshima ya kazi aliyokwisha kuifanya Jones kwa mwili wake. Tofauti unaisikia. Abe wa kwanza anazungumza kama mwalimu. Abe wa pili ana sauti inayotoka kwenye mabega na vidole vyake, na ndiyo maana filamu imeweza kumpa mapenzi. Onyesho la Abe na Hellboy wakiwa wamelewa, wote wawili mioyo imevunjika, wakiimba wimbo wa zamani wa mapenzi kwa sauti mbovu, lisingewezekana kwa Abe wa 2004.

Viumbe wengi wa filamu hii ni watu ndani ya mavazi na vinyago vilivyochongwa na kupakwa kwa mkono, kompyuta ikisaidia pale ambapo mkono haufiki. Mwaka 2009 Mike Elizalde na Thom Floutz waliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya upambaji wa sura kwa kazi hii. Hawakushinda, lakini ukiitazama leo utaona kwa nini waliteuliwa: haijazeeka. Zimwi la kweli mbele ya kamera lina jasho, lina uzito, na mwigizaji anayepigana nalo anajua analipiga wapi.

Zinapopwaya

Ya kwanza inapwaya kwa Myers. Kijana wa watu hana kosa, ila kila tunapomfuata yeye tunakuwa mbali na tunaotaka kuwaona, na ya pili imemwondoa kwa sentensi moja bila mtu kuuliza. Inapwaya tena mwishoni, ambapo adui aliyetishiwa kwa saa mbili anamalizwa haraka mno.

Ya pili inapwaya mahali pengine. Broom anaonekana mwanzoni tu, kwenye hadithi ile ya kitandani, na pengo lake halizibwi. Mahali pake anakuja Johann Krauss, bosi mpya ambaye ni moshi ndani ya vazi la kuzamia, mwenye lafudhi nzito ya Kijerumani iliyotiwa na Seth MacFarlane. Anachekesha, ila hakuna anayemtazama Hellboy tena kwa macho ya baba. Utani nao umezidi kidogo, hasa ugomvi wa Hellboy na Liz kuhusu uchafu wa chumba, unaojirudia. Na jeshi lenyewe la dhahabu, lililobeba jina la filamu, ni zuri kulitazama likijiunga upya baada ya kuvunjwa, lakini ndilo adui asiye na uso katika filamu yenye nyuso nyingi mno. Lingepewa dakika chache zaidi na Nuada chache pungufu, nisingeridhika. Lakini liko pungufu, na nalisema.

Kwa muziki, ya kwanza ina Marco Beltrami, mzito na wa huzuni, ambao mimi naupenda zaidi. Ya pili ina Danny Elfman, wenye furaha ya ngano. Rangi zinafuata mkondo huohuo: buluu na giza kwa ya kwanza, dhahabu na kijani kwa ya pili.

Kwa nini wengi waliikosa ya pili

Swali hili huulizwa na wanaoitazama kwa mara ya kwanza leo: kama ni nzuri hivi, mbona haikuvuma? Ilivuma kwa wiki moja. Ilitoka Marekani tarehe 11 Julai 2008, ikashika nafasi ya kwanza wikendi ile kwa zaidi ya dola milioni 34. Tarehe 18 Julai ikatoka The Dark Knight, filamu ya Batman, na macho yote yakahamia huko. Mwisho wa yote iliingiza karibu dola milioni 168 duniani, ilhali ya kwanza iliingiza karibu milioni 99. Kwa filamu iliyogharimu zaidi ya milioni 80 hazikuwa fedha za kuwasha taa ya kijani kwa sehemu ya tatu. Ni vema ulijue hili kabla ya kuchagua, kwa sababu ya pili inafungua mlango. Malaika wa Mauti anasema jambo kuhusu hatima ya Hellboy, na Liz ana habari inayoangukia hapohapo. Februari 2017 del Toro mwenyewe alitangaza kwamba sehemu ya tatu haitakuwapo. Kama wewe ni mtu unayekosa usingizi kwa hadithi isiyofungwa, ya kwanza inajifunga vizuri zaidi.

Na zile nyingine mbili?

Nitazipitia haraka. Hellboy ya 2019 ya Neil Marshall, David Harbour akiwa steringi, haihusiani na hizi. Ina damu nyingi, matusi mengi, na Milla Jovovich akiwa malkia wa wachawi. Nyumba ya Baba Yaga, mchawi wa ngano za Kirusi, inayotembea kwa miguu ya kuku ni dakika chache nzuri kwelikweli. Zilizobaki zinakimbia bila kupumua. Hellboy: The Crooked Man ya 2024, Jack Kesy akiwa steringi, ni ndogo na ya kutisha, ya milimani Appalachia, mashariki mwa Marekani, mwaka 1959, na Mignola mwenyewe alishiriki kuiandika. Anayevijua vitabu vya katuni ataona imevikaribia kuliko zote kwa hisia zake. Lakini asiyemjua Hellboy asianzie hapo. Zote mbili nchini Marekani zimewekwa daraja la R, ambalo aliye chini ya miaka kumi na saba huingia na mzazi au mlezi, wakati za 2004 na 2008 ni daraja la PG-13, ambalo huwatahadharisha wazazi wenye watoto walio chini ya miaka kumi na mitatu.

Basi, ya nani ni ipi

Unapenda hadithi ya mtu mmoja, mzazi na mwana, na adui wa kuchukiwa bila kusitasita: ya 2004. Usianze na toleo refu la mwongozaji la dakika 132. Ni zuri, ila ni la anayerudi, si la mgeni.

Unapenda dunia nzima, masoko, lugha zisizojulikana, majitu, na adui utakayemkumbuka kwa huzuni: ya 2008, na unaweza kuanza nayo bila ya kwanza. Hadithi ile ya vikaragosi itakupa yote unayohitaji, isipokuwa jambo moja, yaani kwa nini Hellboy anayatazama mambo ya baba yake kwa namna anavyoyatazama.

Una watoto wa miaka kumi na zaidi wanaopenda mazimwi: ya 2008 pia, lakini kaa nao wakati wa vidudu vya meno na wakati wa Malaika. Kwa mche ule mkubwa hawatahitaji kushikwa mkono. Watakuuliza kwa nini watu wanamrushia mawe aliyemwokoa mtoto, na hapo utahitaji kusimamisha filamu.

Na kama umeshaziona zote mbili zamani na unataka kurudia moja, rudia kwa mpangilio wa nyuma: ya pili kwanza, kisha ya kwanza, hadi pale kwenye mvua ya 1944 ambapo askari wamemzunguka kitoto chekundu kwa bunduki na hakuna anayejua la kufanya, na profesa kijana anainama, ananyoosha mkono wenye kipande cha chokoleti, na kungoja.